Kupasua Nyonga kwa Tundu Dogo na kwa Mionzi Kidogo

Zamani mtu aliyepasuliwa nyonga alitambulika kwa kovu lake. Kovu hilo lilikuwa refu, na mgonjwa alilala hospitalini kwa siku nyingi. Siku hizi baadhi ya magonjwa ya nyonga hutibiwa kwa njia nyingine. Daktari hatoboi zaidi ya matundu mawili au matatu, na kila tundu ni dogo kuliko upana wa kidole. Katika tundu moja huingiza darubini nyembamba yenye kamera, na katika tundu la pili huingiza vyombo vya kukatia na kushonea. Yeye hutazama kioo kama cha televisheni na kufanya kazi yake yote humo ndani.

Lakini njia hii ina jambo moja ambalo mgonjwa halioni. Ili daktari asipotee njia anapoingia, hutumia mashine ya eksirei mara kwa mara. Mionzi ya eksirei haina harufu, haina rangi, wala haiumi inapopita. Hata hivyo ikizidi ina madhara. Leo tutaeleza kwa nini mionzi hiyo hutumika, inamfikia nani, na jinsi madaktari wanavyoweza kufanya kazi ile ile kwa mionzi kidogo zaidi.

NYONGA NI KIUNGO CHA NAMNA GANI?

Nyonga ndiyo inayounganisha mguu na kiwiliwili. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo. Kichwa hicho hukaa ndani ya shimo la fupanyonga, kama yai linavyokaa katika kikombe chake. Kichwa na shimo vyote vimefunikwa na gegedu, yaani ile sehemu nyeupe inayoteleza ambayo huonekana kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu ndiyo inayotuwezesha kutembea, kulima na kuchuchumaa bila mifupa kusagana.

Mdomo wa shimo hilo umezungushiwa ukingo laini. Ukingo huu hufanya kazi kama mpira wa kizibo cha chupa ya chai: huziba vizuri ili ute wa kiungo usitoke. Kiungo chote kimefunikwa na mfuko mgumu, na juu ya mfuko huo kuna misuli minene. Mbele ya nyonga hupita mshipa mkubwa wa damu na mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni. Nyuma yake hupita mshipa mwingine wa fahamu, ambao ndio mnene kuliko yote mwilini.

Sasa utaona ugumu wake. Goti liko karibu na ngozi, lakini nyonga imezama ndani, na kichwa kimekaa katika shimo lake bila nafasi. Mtu hawezi kuchoma sindano tu na kutumaini kwamba atafika.

NI UGONJWA GANI UNAOTIBIWA HIVI?

Si kila maumivu ya nyonga hutibiwa kwa tundu dogo. Nyonga iliyosagika kabisa kwa uzee huhitaji tiba nyingine, pengine kuwekewa kiungo cha bandia. Mfupa uliovunjika nao una njia zake.

Tundu dogo linafaa hasa pale ambapo ule ukingo laini umechanika, au vipande vya gegedu vimebanduka na kuelea ndani ya kiungo, au usaha unahitaji kuoshwa. Kuna pia watu ambao shingo ya mfupa wao wa paja ina kinundu. Mtu huyo anapokunja nyonga, kwa mfano anapochuchumaa au kupanda baiskeli, kinundu hugonga ukingo wa shimo. Kikigonga kwa miaka mingi, ukingo huchanika na gegedu huanza kubanduka. Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza kwamba kugongana huko kunaweza kuwa chanzo cha kuharibika kwa nyonga kwa watu ambao bado ni vijana. Tangu hapo upasuaji wa tundu dogo wa nyonga umeongezeka sana katika nchi nyingi, kwa sababu daktari anaweza kukichonga kinundu hicho na kuushona ukingo bila kufungua nyonga yote.

Zingatia neno hilo: vijana. Wengi wa wagonjwa hawa wana umri wa kuzaa, na nyonga iko jirani na viungo vya uzazi. Hiyo ni sababu moja ya kuangalia sana mionzi inayotumika.

NJIA HII ILIANZAJE?

Mwaka 1918 Kenji Takagi, daktari wa Tokyo, Japani, alichukua darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchungulia kibofu cha mkojo, akaitumia kuchungulia ndani ya goti la maiti. Mwaka 1931 Michael Burman wa New York, Marekani, alijaribu kuchungulia viungo mbalimbali vya maiti, na nyonga ikiwamo. Aliweza kuona sehemu ya pembeni, lakini akasema kwamba haiwezekani kupitisha sindano kati ya kichwa cha paja na shimo lake. Mwaka 1939 Takagi alitoa taarifa ya wagonjwa wanne walio hai ambao alichungulia nyonga zao.

Kile ambacho Burman alikiona hakiwezekani kimewezekana kwa kuuvuta mguu. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda maalumu akiwa amepewa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli. Mguu wake hufungwa katika kiatu kilichowekewa sponji, kisha huvutwa polepole. Kichwa cha paja hutoka kidogo katika shimo, ikapatikana nafasi ya karibu milimita 10. Humo ndimo daktari anamopita. Mguu haupaswi kuvutwa kwa muda mrefu, kwa sababu mishipa ya fahamu huumia. Madaktari wengi hujiwekea mpaka wa saa mbili.

KWA NINI MIONZI HUTUMIKA?

Katika chumba cha upasuaji kuna mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda kama herufi C. Upande mmoja wa mkono huo hutoa mionzi, na upande wa pili huipokea na kuonyesha picha hapo hapo kwenye kioo. Daktari akikanyaga pedali, picha inaonekana.

Kwa njia ya kawaida, daktari hutumia mashine hii katika hatua nne.

Kwanza, hutazama kama mguu umevutwa vya kutosha na nafasi imepatikana.

Pili, huongoza sindano ndefu kutoka pembeni mwa paja hadi kwenye nafasi ile. Hapa ndipo penye hatari. Sindano ikipanda juu sana hutoboa ukingo laini. Ikishuka chini sana hukwaruza gegedu ya kichwa cha paja, na gegedu iliyokwaruzwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Basi daktari hukanyaga pedali, husogeza sindano kidogo, hukanyaga tena, na husogeza tena.

Tatu, hupitisha waya mwembamba ndani ya sindano, kisha hupitisha bomba juu ya waya. Hutazama kwa eksirei ili waya usipinde wala kukatikia ndani.

Nne, kama anachonga kinundu, hutazama picha ili ajue amechonga kiasi gani.

Daktari mwenye uzoefu hupita hatua hizi kwa picha chache. Yule anayejifunza hupiga picha nyingi, kwa maana mkono wake bado haujaizoea njia.

NI NANI ANAYEPATA MIONZI?

Mionzi iligunduliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Watu walishangilia sana, wakaichezea bila kujikinga. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliiweka mikono yake mbele ya mashine siku baada ya siku. Mikono ikaungua, ikapata saratani, ikakatwa. Alifariki mwaka 1904, na Edison akaacha kazi ya eksirei. Mwaka 1936 mnara ulisimamishwa mjini Hamburg, Ujerumani, ukiwa na majina 169 ya madaktari, wauguzi na mafundi waliokufa kwa ajili ya kazi ya mionzi.

Tusiogope kupita kiasi. Mashine za leo si kama zile. Kiasi cha mionzi kinachopokewa na mwili hupimwa kwa milisiviti. Kila mtu duniani, hata yule ambaye hajawahi kupigwa picha hospitalini, hupata kwa wastani milisiviti 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, hewa, chakula na anga. Mgonjwa anayepasuliwa nyonga kwa tundu dogo mara nyingi hapati hata milisiviti moja kutokana na upasuaji wenyewe. Faida anayoipata ni kubwa kuliko hatari.

Lakini mgonjwa hupita mara moja, pengine mara mbili. Daktari, muuguzi, mtoa nusukaputi na mpiga picha wa eksirei hurudi katika chumba kile kesho, na keshokutwa, kwa miaka 20 au 30. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Hawa ndio wanaohitaji kulindwa zaidi.

Mionzi inawafikiaje, maana haikuelekezwa kwao? Fikiri juu ya maji yanayomwagwa kwa nguvu juu ya jiwe. Mengine hutiririka, na mengine huruka pembeni na kuwalowesha waliosimama karibu. Mionzi nayo ikigonga mwili wa mgonjwa, sehemu yake huruka pembeni. Mtu aliyesimama mita moja hupata karibu sehemu moja katika elfu ya ile iliyoingia kwa mgonjwa. Ni kidogo, lakini ni ya kila siku.

Ndiyo sababu kuna mipaka inayokubaliwa kimataifa. Mfanyakazi wa mionzi asipate zaidi ya wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka katika muda wa miaka mitano, na asizidi 50 katika mwaka wo wote mmoja. Macho ni dhaifu zaidi, kwa sababu mionzi huleta mtoto wa jicho. Zamani mpaka wa macho ulikuwa milisiviti 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa walishauri ushushwe hadi 20, kwa kuwa madhara yalikuwa yakionekana katika kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

NJIA ZA KUPUNGUZA MIONZI

1. Kujipanga kabla ya kukata

Kazi nzuri huanza kabla ya kisu. Daktari huvuta mguu kwa majaribio kabla ya kumfunika mgonjwa kwa vitambaa safi, na mashine huwekwa mahali pake na kuwekewa alama sakafuni. Hivyo hapatakuwa na haja ya kupiga picha nyingi za kutafuta nyonga iko wapi. Vile vile alama huchorwa juu ya ngozi: pembe ya mfupa wa kiunoni mbele, na kile kichwa cha mfupa kinachopapaswa ubavuni mwa paja. Mstari ukichorwa kutoka pembe ile kwenda chini, daktari anajua kwamba upande wa ndani wa mstari kuna mshipa mkubwa wa damu, na haendi huko. Kidole kinachojua kupapasa huokoa picha nyingi.

Tena, inafaa kuangalia vipimo vilivyofanywa kabla ya upasuaji. Eksirei ya kompyuta, ile inayoonyesha mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa, huweza kumpa mgonjwa milisiviti kadhaa. Hiyo ni zaidi ya mionzi ya upasuaji wenyewe. Kama eksirei ya kawaida na kipimo cha sumaku vinatosha, basi mgonjwa asipelekwe kwenye eksirei ya kompyuta kwa mazoea tu. Kipimo cha sumaku hakitumii mionzi ya eksirei.

2. Kuitumia mashine kwa akili

Mashine ya mkono wa C inaweza kutoa mionzi mfululizo, au kuitoa kwa vipindi kama moyo unavyopiga. Kwa kazi ya nyonga, vipindi vichache kwa sekunde vinatosha. Baada ya kuinua mguu kutoka kwenye pedali, picha ya mwisho hubaki kwenye kioo. Daktari aitazame hiyo na kufikiri, badala ya kuendelea kukanyaga. Dirisha la mionzi lipunguzwe lifunike nyonga tu, si tumbo zima. Picha isikuzwe bila sababu, maana kukuza huongeza mionzi.

Upande unaotoa mionzi uwekwe chini ya kitanda, na upande unaopokea uwe juu na karibu sana na mgonjwa. Sababu ni kwamba mionzi inayoruka huwa mingi zaidi upande ule inakotokea. Ikitokea chini, hurukia zaidi miguu ya wafanyakazi kuliko macho na shingo zao.

3. Umbali, muda na kinga

Ukisogea mbali na taa ya karabai, mwanga wake hupungua upesi. Mionzi ni hivyo hivyo. Mtu akitoka mita moja hadi mita mbili, mionzi inayomfikia hupungua hadi robo. Akifika mita tatu, hubaki sehemu moja katika tisa. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga pedali daktari aseme kwa sauti, "Picha!", ili kila asiyeshika chombo arudi nyuma hatua mbili. Kinga hii haina gharama yo yote.

Wote waliomo ndani wavae aproni ya risasi. Aproni nzuri yenye unene wa nusu milimita huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayoruka. Kuna pia kola ya risasi ya kukinga tezi ya shingoni na miwani ya kukinga macho. Aproni isikunjwe kama kanga. Itundikwe, kwa sababu ikikunjwa risasi ya ndani hupasuka, na mvaaji hudhani amekingwa kumbe hakukingwa. Kila mfanyakazi avae beji ya kupimia mionzi kila siku ya kazi, si kuiacha mezani.

4. Kuongoza sindano kwa altrasaundi

Mashine ya altrasaundi inajulikana sana kwa kinamama, maana hutumika kumtazama mtoto tumboni. Mashine hiyo hutumia sauti ambayo sikio halisikii, wala haina mionzi. Mwaka 2009 madaktari wa Shanghai, China, walieleza jinsi walivyoitumia kuongoza sindano hadi ndani ya nyonga. Kwa altrasaundi daktari huuona mfuko wa kiungo, ukingo wa shimo na kichwa cha paja. Huiona sindano ikishuka, na pia huiona mishipa ya damu, ambayo eksirei haiionyeshi.

Altrasaundi ina mipaka yake. Sauti haipenyi mfupa, kwa hiyo vitu vilivyo nyuma ya mfupa havionekani. Kwa mgonjwa mnene sana picha huwa hafifu. Na daktari lazima afundishwe kuisoma.

5. Kuanzia nje na kwenda ndani kwa macho

Njia hii ndiyo inayobadilisha mpango wote wa kazi. Katika njia ya kawaida, mguu huvutwa kwanza, kisha sindano huingizwa moja kwa moja hadi katikati ya kiungo bila kuonekana ila kwa eksirei. Katika njia ya pili, daktari huanza nje.

Madaktari wa Ufaransa walichangia sana hapa. Mwaka 1999 Henri Dorfmann na Thierry Boyer walitoa taarifa ya uzoefu wao wa miaka 12. Walionyesha kwamba nyonga ina vyumba viwili. Chumba cha kati ni kule ndani kati ya kichwa na shimo, na hakifikiwi bila kuvuta mguu. Chumba cha pembeni kinazunguka shingo ya mfupa wa paja, na kinaweza kuingiwa bila kuvuta mguu hata kidogo. Mwaka 2014 madaktari wengine wa nchi hiyo walieleza njia ya kuufungua mfuko wa kiungo kwanza, kabla ya kuingia katika chumba cha kati.

Kazi huenda hivi. Mguu haujavutwa. Daktari huingiza darubini kupitia misuli hadi juu ya mfuko wa kiungo, bila kuutoboa. Kwa chombo cha pili husafisha mafuta yaliyo juu ya mfuko, mpaka mfuko uonekane wazi kwenye kioo. Kisha huukata mfuko huo akiuona kwa macho yake. Sasa anauona ukingo laini, na anakiona kichwa cha paja. Hapo tu ndipo mguu huvutwa, na vyombo huingia katikati huku daktari akitazama kila kitu. Haongozwi tena na kivuli cha eksirei. Anaongozwa na jicho.

Faida ni tatu. Mionzi hupungua, maana picha ya kuthibitisha mahali huweza kuwa moja au mbili. Ukingo na gegedu havichomwi kwa bahati mbaya. Na muda wa kuvuta mguu hupungua, kwa sababu sehemu ya kazi imekwisha kufanyika kabla ya kuvuta. Ubaya wake ni kwamba mfuko wa kiungo hukatwa zaidi, na mara nyingi lazima ushonwe mwishoni. Ni njia inayotaka mwalimu mzuri na mazoezi.

KUPUNGUZA SI KUBAHATISHA

Ndugu msomaji, hapa tusielewe vibaya. Lengo si kuifukuza eksirei katika chumba cha upasuaji. Chukua kazi ya kuchonga kinundu. Daktari akichonga kidogo mno, kinundu hubaki, maumivu hurudi, na mgonjwa hupasuliwa mara ya pili. Kubaki kwa kinundu ni moja ya sababu kubwa za kurudia upasuaji huu. Akichonga kupita kiasi, shingo ya mfupa hudhoofika na inaweza kuvunjika. Katika hatua hii picha chache zilizopangwa vizuri, mguu ukiwa umegeuzwa katika mikao mbalimbali, zina thamani kubwa. Kuzikwepa kwa kuogopa mionzi kidogo, kisha mgonjwa akavunjika mfupa, ni hasara.

Kanuni ni rahisi. Kila picha iwe na swali lake. Kabla ya kukanyaga pedali daktari ajiulize: "Nataka kujua nini? Je, naweza kukijua kwa jicho, kwa kidole au kwa altrasaundi?" Kama jibu ni ndiyo, picha isipigwe. Kama jibu ni hapana, ipigwe bila hofu.

HAPA KWETU

Wazo la kutumia ujuzi wa mkono badala ya mionzi si geni Tanzania. Katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, wagonjwa wengi waliovunjika mfupa wa paja wametibiwa kwa vyuma vya SIGN. Vyuma hivyo vilitengenezwa Marekani kwa ajili ya hospitali ambazo hazina mashine ya mkono wa C. Daktari hutumia mkono wa chuma unaomwonyesha tundu la skrubu liko wapi, pamoja na kuhisi kwa mkono wake. Mfupa huungwa hata kama hakuna picha ya eksirei wakati wa upasuaji. Hiyo ni tiba ya mfupa uliovunjika, si ya tundu dogo la nyonga, lakini fundisho ni lile lile.

Matumizi salama ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tume hiyo hukagua mashine za eksirei na kupima beji za wafanyakazi.

WEWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, usikae na maumivu ya nyonga. Maumivu yanayotokea kinenani unapochuchumaa au kupanda ngazi, na yasiyopona kwa majuma kadhaa, yapeleke kituo cha afya. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu au kuuchezesha apelekwe siku hiyo hiyo, maana huenda ana usaha katika nyonga, na usaha huharibu kiungo kwa muda mfupi.

Pili, mwanamke mwenye mimba, au anayedhani huenda ana mimba, amwambie mpiga picha kabla ya kupigwa eksirei. Asione haya. Mfanyakazi wa chumba cha mionzi naye akipata mimba amwarifu mkuu wake mapema, ili apangiwe kazi kwa namna ambayo mtoto hatapata zaidi ya milisiviti moja katika muda wote wa mimba uliobaki.

Tatu, tunza picha zako za eksirei. Ziweke mahali pakavu, bila kuzikunja, na uende nazo kila unapokwenda hospitali. Picha iliyopotea huleta picha mpya, na picha mpya ni mionzi mipya na gharama mpya.

Nne, usidai eksirei kama daktari ameona haihitajiki. Eksirei haiponyi. Inaonyesha tu. Na daktari akisema inahitajika, usiikatae kwa kuogopa.

Tano, ukiambiwa utapasuliwa nyonga, una haki ya kuuliza. Uliza: "Ni nini kimeharibika katika nyonga yangu? Je, mazoezi na dawa vimekwisha kujaribiwa vya kutosha? Mtaniingia kwa njia gani? Mnatumia eksirei kwa kiasi gani?" Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Hujibu kwa lugha unayoifahamu.

Mgonjwa akipona nyonga yake amefaidika. Lakini upasuaji umefanikiwa kweli pale ambapo mgonjwa ameondoka anatembea, na muuguzi aliyesimama karibu naye ana macho mazima ya kumhudumia mgonjwa wa kesho, na wa miaka 20 ijayo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nyonga ni vigumu kuingiwa kwa sindano kuliko goti?

2. Taja hatua nne ambazo daktari hutumia eksirei anapopasua nyonga kwa tundu dogo.

3. Kati ya mgonjwa na mfanyakazi wa chumba cha upasuaji, ni nani aliye katika hatari zaidi ya mionzi? Kwa nini?

4. Eleza tofauti kati ya kuvuta mguu kwanza na kuanzia nje ya mfuko wa kiungo.

5. Je, katika kijiji chenu watu hutunza picha zao za eksirei? Mnaweza kufanya nini ili zisipotee?